Jinsi ya kuongelea utoaji mimba na watu wa imani tofauti bila kuvunjiana heshima

Kwanza usianze na "we unakubali au unapinga?" manake hapo ushagawa watu timu mbili na kila mtu atatetea yake mpaka asubuhi. Anza na jambo mahususi, mfano mama akiwa hatarini kufa ifanyweje, utashangaa waliokuwa wanatunishiana misuli wanaanza kusikilizana.

Halafu usimpangie mtu msimamo kisa dini yake, hapa ndo wengi wanachemka. Kanisa Katoliki liko wazi, uhai unalindwa tangu mimba kutungwa, na Papa Yohane Paulo II alilikazia tena hilo 1995. Sawa. Ila mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hawakuwa na kauli moja, wengi wanasema roho hupulizwa zikitimia siku 120 na baada ya hapo ni haramu labda kumwokoa mama, lakini kabla ya hapo baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kukiwa na sababu, wengi wa madhehebu ya Maliki wakakataa toka mwanzo kabisa. Kwa Wayahudi, Mishna (kitabu chao cha kale cha sheria) inatanguliza uhai wa mama mpaka sehemu kubwa ya mtoto iwe imeshatoka. Wabudha nao wanakatazwa kuua, lakini Japani kuna ibada inaitwa mizuko kuyo, mzazi anasimama mbele ya kisanamu cha Jizo, mlinzi wa watoto kwa Wabudha wa huko, kilichovishwa kitambaa chekundu anamwombea mtoto ambaye hakuzaliwa, na wengine wanamwomba radhi. Hapo sasa utamweka timu gani?

Mkiendelea tenganisha dhambi na sheria, ni maswali mawili. Ireland ina Wakatoliki wengi lakini kwenye kura ya maoni ya 2018 zaidi ya asilimia 66 walitaka katazo liondolewe kwenye katiba, na sio wote walioacha kusali, wapo wanaoona ni dhambi ila hawataki mtu afungwe. Wapo pia wasio na dini kabisa na wanapinga, msiwasahau.

Na chunga mdomo, humo humo mnamobishana anaweza kuwepo aliyetoa, au ambaye mimba ilimharibikia na bado anaumia, so maneno kama "wauaji" au "washamba wa dini" weka pembeni (wanaume hasa, tunaongeaga kirahisi sana).

Baadae mtu akikufata pembeni akakwambia yake, usimrushie aya. Muulize kwanza anajisikiaje, na kama anatoka damu nyingi, ana homa au tumbo linamuuma sana, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, mjadala mtaendelea nao siku nyingine.