Somo: Kubuni kanga ya karatasi kwa mihuri ya viazi (miaka 12 hadi 15)

Shule zikifungwa, wazazi wenzangu wa hapa Bagamoyo huniuliza wawape watoto kazi gani ya mikono, hasa hawa wakubwa kidogo ambao kupaka rangi vitabu vya katuni wanaona ni utoto. Jibu langu ni kanga: wabuni yao wenyewe. Kanga ina utaratibu wake, yaani pindo (ukingo unaozunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yanayoandikwa juu yake), na utaratibu huo ndio unaomwokoa mtoto anayeapa kwamba hajui kuchora. Hadaiwi picha nzima. Anadaiwa umbo moja zuri, kisha alirudie kwa utulivu.

Tutatumia rangi tatu za kisutu, ile kanga ya harusi: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe, nyeusi inatoka kwenye mkaa na nyekundu kwenye udongo. Za dukani si lazima.

Kutafuta umbo

Hatua hii msiiruke, ndiyo tamu kuliko zote. Mpeleke mtoto Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo na daftari na penseli, asimame mbele ya mlango mmoja wa nakshi. Mmoja tu. Asichore mlango mzima. Atazame fremu, ambako mara nyingi kuna nakshi ya mnyororo inayopanda na kushuka, halafu mfaa, ule mti wa katikati unaozibia mbao mbili, ambako fundi huwa amejaza maua ya duara. Achukue kipande kimoja, akichore mara kadhaa, na kila mara apunguze mistari hadi yabaki yale tu ambayo kisu kinaweza kuyafuata. (Kama nyumba inakaliwa, bisheni hodi kwanza. Wenyeji wengi hufurahi.) Asiyeweza kufika huko afungue kabati la mama. Korosho imechorwa kwenye kanga nyingi na ni umbo zuri sana la kuanzia.

Kupima karatasi

Kanga ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Sisi tunakata manila ya sentimita 60 kwa 44, uwiano uleule. Piga mstari wa penseli sentimita 6 kutoka kila ukingo. Hilo ndilo pindo. Katikati unabaki mji wa 48 kwa 32. Ugawe kwa miraba ya sentimita 4: inatoka 12 kwa 8, bila kubaki kitu. Kwenye safu ya chini ya mji acha miraba 6 ya katikati wazi kwa ajili ya jina. Penseli iguse tu, usikandamize, maana itafutwa baadaye.

Kupika rangi

Koroga vijiko 3 vya unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji ya baridi hadi mabonge yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga. Ukishakuwa uji mzito, epua na ugawe mara mbili. Nusu moja tia mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi, nusu nyingine tia udongo mwekundu uliochekechwa vivyo hivyo. Ongeza kidogokidogo na ujaribu juu ya gazeti: maandishi yakizama chini ya rangi, imetosha.

Wengi hupenda manjano ya jikoni kwa sababu inang'aa, lakini jua huila. Ukitundika kazi ukutani, baada ya muda utabaki na doa hafifu. Mkaa na udongo havipauki. Uji nao huchacha kwa joto letu la pwani, kwa hiyo pika wa kutosha siku hiyohiyo.

Kuchonga

Viazi vya chipsi vinafaa kwa muhuri wa mji. Kwa pindo tumia kiazi kitamu, ni kigumu zaidi na ni kirefu. Mzazi akate kiazi kwa kisu kirefu, mkato mmoja bila kusita, uso utoke bapa. Ukikata kwa kukereza, katikati panabonyea na muhuri hautagusa karatasi. Futa maji kwa kitambaa. Mtoto achore umbo kwa peni, muhuri wa mji usizidi sentimita 4, wa pindo upana 4 na kimo 6. Kisha aondoe kila kisichotakiwa kwa kina cha nusu sentimita. Mwenye miaka 12 hahitaji kisu: ncha ya kijiko cha chai na msumari vinatosha. Kiazi kilale mezani, kisishikwe kiganjani, na mkono unaoshika ukae nyuma ya ncha. Wembe hapana kabisa.

Kuchapa

Tandika gazeti lililokunjwa chini ya manila ili muhuri upate ulaini. Mimina rangi juu ya kipande cha godoro ndani ya sahani, gusisha muhuri hapo, jaribu mara mbili kwenye gazeti, ndipo uende kwenye karatasi. Bonyeza wima, hesabu hadi tatu, inua wima.

Anza na pembe nne za pindo, ukiweka muhuri wa mji katikati ya kila pembe. Ukifanya hivyo, muhuri wa pindo utaingia mara 12 kwenye upande mrefu na mara 8 kwenye mfupi, na hakuna mahali utakapobanana. Mji hapo ni uamuzi wa mtoto: ajaze miraba yote, aruke mmoja mmoja, ageuze muhuri juu chini kila safu. Mwacheni ajaribu mipango mitatu kwenye magazeti kabla ya kuamua. Nawaomba sana wazazi, hapa mdomo ufungwe.

Jina

Maneno manne au matano, herufi kubwa, yatungwe na mtoto mwenyewe. Kijana mmoja hapa mtaani aliandika MAMA KAZI YAKO NAIONA. Hesabu herufi na nafasi, gawanya zile sentimita 24, weka nukta za penseli, ndipo uandike kwa brashi. Msichonge jina kwenye kiazi, litatoka limegeuka.

Maswali mliyoniuliza

*Mwalimu, mwanangu wa kiume ana miaka 13, anasema kanga ni mambo ya wanawake.*
Usibishane naye, mama. Mwambie achape mlango. Manila aisimamishe wima, pindo liwe fremu, katikati apitishe safu moja ya mihuri iwe mfaa. Mihuri ni ileile. Na hizo nakshi anazoziiga, mafundi waliozichonga walikuwa wanaume.

*Rangi yangu inatapakaa, umbo halionekani.*
Ama uji ni mwepesi, ama kiazi hakikufutwa. Kiazi hutoa maji muda wote, kifute kila baada ya chapa kadhaa. Kikianza kujikunja pembeni, kata kipya. Muhuri wa jana haufai.

*Si kuchezea chakula huku?*
Tumia viazi vilivyochipua au kunyauka, ambavyo kupika huvitaki. Bamia iliyokomaa ukiikata mkingamo inatoa ua zuri bila kuchonga, na kikonyo cha jani la mgomba kina vyumbavyumba vyake tayari.

*Niko Tanga, Ngamiani. Huku nichore nini? Na brashi sina.*
Mkonge, kaka! Utazame kutoka juu, majani yanavyotoka katikati kama miale: huo ni muhuri wa mji tayari. Brashi nayo iko hapohapo. Kata kipande cha kamba ya katani, kifunge kwenye kijiti, ncha uiponde ilainike.

*Shikamoo mwalimu. Rafiki zangu wanasema bila rangi za dukani siyo sanaa.*
Marahaba mwanangu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Leo staili yote inaitwa kwa jina lake. Endelea na mkaa wako.

*Naweza kuchapa kwenye kitambaa kweli?*
Siyo kwa rangi hii, itatoka kwenye maji ya kwanza. Nunua rangi ya vitambaa, tumia shuka kuukuu la pamba lililofuliwa, chapa kwa mihuri hiyohiyo, na ikikauka pigia pasi upande wa nyuma.

*Binti yangu anasoma madrasa, anataka kuandika jina kwa herufi za Kiarabu. Inaruhusiwa?*
Inaruhusiwa na inapendeza. Majina ya mwanzo kwenye kanga yaliandikwa hivyo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hapo asigawe kwa nukta za sentimita, maana herufi zinashikana. Aandike kwanza kwenye gazeti lenye upana wa 24, akiona limekaa ndipo ahamishie kwenye manila, akianzia kulia.