Dumuzi au fukusi? Mtazame kwanza

Kwetu Chamwino tukiona punje za mahindi zimetobolewa na wadudu hawa wa ghalani tunakimbilia dawa. Subiri. Chota mahindi kiganjani, yapeleke juani. Mdudu mwenye mdomo mwembamba kama mkonga ni fukusi. Dumuzi mdomo huo hana: kichwa kimejificha chini ya kifua, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu.

Kisha pepeta. Fukusi huacha vumbi kidogo, dumuzi huacha unga tele. Mimi alinimalizia madebe mawili, yakabaki maganda. Asili yake Amerika ya Kati, na hutoboa hata makopa ya muhogo na nguzo za ghala. Hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema, anika mpaka punje ilie ukiing'ata, kisha funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Humo wote wawili hufa.