SOMO: Kadi za mkopo za biashara kwa tulio Marekani na hatuna kampuni

Wakuu, swali la namna ya kupata kadi hizi bila kampuni nimelijibu inboksi mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kwanza, huhitaji kampuni. Ukiendesha Uber, ukisuka nywele, ukipika sambusa za harusi au ukiuza mitumba eBay ili upate faida, tayari una biashara ya mtu mmoja. Mapato yake unayaripoti IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kwenye fomu ya Schedule C. Kama huna biashara, ishia hapa. Kudanganya benki kwenye fomu ni kosa la jinai, na wengi wetu makaratasi yetu ya uhamiaji bado yako mezani kwa watu.

1. Angalia skoa yako, yaani alama wanayokupa kwa jinsi unavyolipa madeni. Iko chini ya 700? Subiri.

2. Chukua EIN, yaani namba ya kodi ya biashara, kwenye irs.gov. Ni bure, anayekudai hela ni tapeli. Ukiwa peke yako, hata namba yako ya Social Security inatosha.

3. Hesabu kadi ulizofungua miezi 24 iliyopita, za benki zote, zinazoonekana kwenye ripoti yako binafsi ya mikopo. Zikifika 5, benki ya Chase kwa kawaida watakukataa. Kadi zao za biashara haziingii kwenye ripoti yako binafsi ukilipa vizuri, kwa hiyo hazikumalizii nafasi kwenye zile 5. Ndiyo maana watu huanzia kwao.

4. Jaza fomu. Jina la biashara ni jina lako, aina ni "Sole Proprietor" (biashara ya mtu mmoja), mfanyakazi 1. Mapato ni ya mwaka kabla ya kutoa gharama. Ukiingiza $3,000, andika $3,000.

5. Fikisha matumizi. Hapa ndipo nilipochemka. Kadi yangu ilitaka nitumie $6,000 ndani ya miezi 3 ili nipate zawadi ya $750. Mimi nikaanza kuhesabu siku bahasha ilipofika, kumbe saa ilishaanza siku niliyokubaliwa. Nikajikuta nimebakiza wiki moja na pengo la $900. Fundi wa Kibaha alikuwa ananidai hela ya bati, nikamtumia kwa kadi ileile, nikajiona mjanja. Benki ikaisoma kama nimetoa fedha taslimu: ada juu, riba kuanzia siku hiyohiyo, na kwenye ile $6,000 haikuingia hata senti. Kilichoniokoa ni kulipia bima ya gari ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa hiyo: KUTUMA HELA NYUMBANI USITUMIE KADI HII. Kuhamishia humo deni la kadi nyingine hakuhesabiwi, na ada ya mwaka haihesabiwi. Na usiombe kadi kabla hujajua bili zipi zitafikisha kiasi hicho bila kununua usichohitaji.

6. Lipa deni lote kila mwezi. Neno "biashara" lisikudanganye, mdhamini ni wewe mwenyewe.

MASWALI

– Mkuu naitaka hiyo kadi, naanzia wapi?
– Namba 1.

– Sina biashara ila naweza kuandika nauza nguo?
– Unauza nguo?
– Hapana ila nina mpango.
– Basi anza kuuza, kisha urudi.

– Kaka, nasafisha ofisi usiku hapa Minneapolis, napewa 1099 (fomu ya kodi ya wasioajiriwa). Hiyo ni biashara? Halafu mume wangu aliniongeza kwenye kadi yake, nayo inahesabiwa kwenye zile 5?
– Swali zuri, dada yangu. Ndiyo, kwa 1099 wewe si mwajiriwa, unajitegemea. Kadi ya mumeo iko kwenye ripoti yako, kwa hiyo mashine ya benki itaihesabu. Wakikukataa usinyamaze: piga simu, omba waangalie upya, waeleze kuwa mwenye deni ni yeye. Wengi wamepita hivyo.

– Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya masomo ya F-1, nikianza Uber naweza kuomba?
– Mdogo wangu, usiguse. Hiyo ni kazi bila kibali. $750 hairudishi viza.

– Likizo naenda nayo Dar, itakata ada?
– Angalia masharti. Kadi ya Chase ya Ink Cash hukata asilimia 3 kila ukinunua nje, yao nyingine ya Ink Preferred haikati. Na mashine ikiuliza dola au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, wanakubadilishia kwa bei wanayotaka wao.
– Kumbe! Hoteli moja Nungwi walinibonyezea dola wenyewe, nikashukuru.
– Ulishukuru kwa hela yako.