Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Mongolia, Hasa Ukikusudia Kupanda Farasi

Mtu akiniambia kwamba anakwenda Mongolia, simuulizi kwanza habari za nauli wala za viza. Humuuliza kama amewahi kupanda farasi, kisha humuuliza bima yake ya safari inasema nini kuhusu farasi. Wengi hucheka. Mimi nami nilicheka mwaka 2018, nilipokuwa mwanafunzi Beijing na nikaamua kuitumia likizo ya Julai kuiona nchi ya Chinggis Khan, mwanzilishi wa himaya ya Wamongolia. Hadi leo mtulinga wangu wa kushoto una kinundu ninachokihisi kila ninapovaa begi la mgongoni.

Elewa kwanza ukubwa wa nchi unayokwenda. Mongolia ina takriban kilomita za mraba milioni 1.56, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya Tanzania, lakini wakazi wake ni kama milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wamejazana katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Ukishatoka mjini, kosa ambalo nyumbani lingekugharimu nauli ya bodaboda hadi duka la dawa linaweza kukugharimu siku nzima ya kutikiswa ndani ya gari. Yote nitakayoyasema hapa chini yanatokana na umbali huo.

Nyaraka zisikucheleweshe. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo yasome upya mwezi mmoja kabla ya kuondoka hata kama rafiki yako alikwenda mwaka jana. Ukipitia China, hakikisha viza yako inakuruhusu kuingia tena. Mwenzetu mmoja alikuwa na viza ya kuingia mara moja, akavuka mpaka akiwa ameacha vitu vyake vyote Beijing, na ndipo akagundua kwamba kwa kuvuka tu viza ile ilikuwa imekwisha. Ukienda kwa treni, jiandae kwa saa kadhaa za kusubiri Erlian, mji wa mpakani upande wa China, kwa sababu reli ya China ina upana wa milimita 1,435 na ya Mongolia 1,520, hivyo mabehewa huinuliwa moja moja na kubadilishiwa magurudumu huku abiria wakiwa ndani. Vyoo hufungwa wakati huo wote, kwa hiyo tangulia. Anayekusudia kufika maeneo ya mpakani, kama vile kwa wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, kaskazini mwa mkoa wa Khövsgöl, aombe kibali cha mpakani mapema.

Pesa: kadi hufanya kazi vizuri mjini, ila beba tögrög, yaani fedha ya huko, taslimu za kutosha kabla ya kutoka. Umeme: plagi ni za pini mbili za duara, si zile zetu za pini tatu. Dawa zako za kila siku zibebe za akiba, na karatasi za chooni usizisahau.

Majira yanahitaji maneno zaidi kidogo. Watu wengi hupanga safari kwa ajili ya Naadam, sikukuu ya mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa mishale, ambayo huadhimishwa tarehe 11 hadi 13 Julai. Kipindi hicho ni kizuri, lakini vyumba hujaa, na watu husahau kwamba Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya mvua: mto uliovukwa asubuhi kwa maji ya magotini unaweza kulijaza gari kufikia jioni. Usiku wa Julai nyikani unahitaji sweta nzito. Januari ni habari nyingine kabisa, kwani Ulaanbaatar ndio mji mkuu wenye baridi kali kuliko yote duniani, na usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri haumshangazi mtu. Moshi wa majiko ya makaa ya mawe hulala juu ya mji, ingawa makaa mabichi yalipigwa marufuku mwaka 2019. Mwenye pumu asiende wakati huo.

Kuna pia dzud, baridi ya kuua mifugo, ambapo theluji na barafu hufunika malisho hadi wanyama wafe kwa njaa wakiwa wamesimama. Ile ya majira ya baridi ya 2023 na 2024 iliua mifugo zaidi ya milioni saba. Aliyeona ng'ombe wakifa Longido au Kajiado wakati wa ukame hahitaji kuelezwa jambo hili. Ukifika mwezi wa Aprili au Mei baada ya mwaka kama huo, umeingia kwenye nyumba zenye msiba, basi usiipige picha mizoga kana kwamba ni kivutio, wala usishindane na mwenyeji juu ya bei ya kulala.

Unapoikaribia ger, yaani nyumba ya mfugaji, ambayo ni hema la duara lililofunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, simama mbali upaze sauti: "Nokhoi khor!" Maana yake ni "mshike mbwa", nayo ndiyo hodi ya huko. Mbwa wale hufugwa wapambane na mbwa mwitu, na kichaa cha mbwa kipo nchini, kwa hiyo chanjo yake ipate kabla ya safari na si baada ya kung'atwa. Usikanyage kizingiti, ingia ukielekea kushoto, usipite kati ya nguzo mbili za katikati, na usitupe takataka motoni. Chochote upewacho kipokee kwa mkono wa kulia. Chai itakuwa ya maziwa na chumvi, nayo huzoeleka. Airag ni maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Mtu aliyekulia kwenye mursik hatashtuka kwa ladha yake, lakini yana ulevi kidogo, na Mwislamu anapaswa kulijua hilo mapema na kumwomba mkalimani amweleze mwenyeji kabla bakuli halijamfikia. Mkoa wa Bayan-Ölgii, ambao wakazi wake wengi ni Wakazakh Waislamu, utamfaa zaidi kwa chakula. Yule mnyama mnene anayechimba mashimo, anayeitwa tarvaga, usimguse wala usile nyama yake hata ukisifiwa utamu wake, kwa sababu hubeba vijidudu vya tauni, na mwaka 2019 mume na mke walifariki huko Bayan-Ölgii baada ya kumla akiwa mbichi.

Sasa tuje kwa farasi.

Farasi wa Mongolia ni mfupi, na ufupi huo humdanganya mgeni akadhani amepewa punda mwenye jina zuri. Hafungiwi bandani wala halishwi kwa ndoo. Hukaa nyikani na kundi lake mwaka mzima, katika nchi yenye mbwa mwitu, hivyo kitu chochote kinachopepea au kuchakacha nyuma ya jicho lake hukihesabu kuwa ni adui, na kwa adui anajua jambo moja tu, nalo ni kukimbia.

Tulikuwa wanne pamoja na mkalimani na mwenyeji wetu, mfugaji wa umri wa baba yangu, katika bonde la mto Orkhon, tukielekea maporomoko ya Ulaan Tsutgalan. Asubuhi alituonyesha mambo matatu kwa ishara, na mkalimani akayafafanua: mwendee farasi kwa ubavu wa kushoto na umpandie upande huohuo, ingiza ncha ya kiatu tu kwenye kikuku cha kukanyagia, na usivae wala usivue nguo ukiwa juu ya tandiko. La kwanza nililishika, la pili nililishika nusu, na la tatu nililiona kuwa ni la kuwaambia watoto. Yapata saa nane mchana wingu lilitokea nyuma ya mlima na mvua ikaanza kwa matone mazito. Koti langu la mvua, la nailoni, la rangi ya chungwa, nilikuwa nimelifunga nyuma yangu. Niliilegeza hatamu, nikalifungua, nikaingiza mkono mmoja. Wa pili haukuwahi kuingia. Upepo ulilijaza koti kama tanga, likachakacha mara moja ubavuni mwa farasi, na kitu cha mwisho nilichokiona nikiwa juu yake ni masikio yaliyolala kisogoni.

Niliangukia bega. Mguu wa kushoto ulibaki ndani ya kikuku, kwa sababu buti langu lilikuwa pana na nilikuwa nimelisukuma hadi kisigino, nikaburutwa hatua kadhaa nikihesabu mawe kwa mgongo. Kilichoniokoa ni kamba za viatu nilizozifunga ovyo: mguu ulichomoka, buti likaenda na farasi, nami nikabaki kwenye matope na soksi moja. Mzee yule hakunigombeza. Alimfuata farasi kwanza, akamshika, akaliviringisha lile koti dogo kama ngumi na kulificha kifuani mwake, ndipo akaja kwangu.

Walinipeleka kwenye ger iliyokuwa karibu. Mama mwenye nyumba alifungua mshipi mrefu wa hariri uliofunga vazi lake, deel, akaufunga mkono wangu kifuani kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuwafunga wengi. Simu yangu ilikuwa na chaji ya asilimia nne na haikuwa na mtandao, basi mwanawe akaichukua, akapanda farasi hadi juu ya kilima, akampigia dereva. Furgon, yaani lile gari la Kirusi lenye umbo la mkate, lilifika baada ya saa tatu. Kutoka pale hadi mji wa Kharkhorin ni zaidi ya kilomita mia moja za njia ya udongo na mawe, na kila kijito tulichovuka mfupa ulinikumbusha kwamba umevunjika vipande viwili. Tulifika usiku wa manane. Asubuhi, tukiwa njiani kuelekea mji mkuu, kilomita nyingine 360 hivi, ingawa hizo ni za lami, niliziona kupitia dirishani zile kuta nyeupe za Erdene Zuu, makao ya watawa yaliyojengwa karne ya 16 mahali palipokuwa Karakorum, mji mkuu wa himaya ya Wamongolia. Ndivyo nilivyoutembelea urithi ule wa dunia, kwa dakika mbili, nikiwa nimelala chali.

Kampuni ya bima iliniuliza maswali mawili: je, niliwapigia kabla ya kutibiwa, na je, nilikuwa nimepanda mnyama? Kifungu kilikuwemo, kwenye kurasa za nyuma zilizochapwa kwa herufi ndogo. Picha ya eksirei, dawa na gari nililipa mwenyewe. Kwa hiyo isome bima yako ukitafuta mambo mawili, kupanda wanyama na kusafirishwa kwa dharura kutoka mahali pasipo na barabara, na lisipotajwa mojawapo, waombe waliandike. Namba yao iandike kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. Beba betri ya akiba ya kuchajia. Vaa viatu vyembamba vyenye kisigino kidogo, koti la mvua livae kabla ya kupanda ukiona wingu, na kamera ifunge kwa mkanda usioning'inia. Ukilazimika kuvaa kitu, shuka. Hakuna mfugaji atakayekucheka kwa kushuka.

Kuhusu siasa, nchi hii ni ya kidemokrasia tangu mwaka 1990, na watu wake huandamana. Desemba 2022 maelfu walijaa Uwanja wa Sükhbaatar mjini Ulaanbaatar kwa hasira ya makaa ya mawe yaliyoibwa, na mwaka 2025 maandamano mengine yalitangulia kuondoka kwa waziri mkuu Oyun-Erdene mwezi Juni. Kwa kawaida ni ya amani, lakini wewe ni mgeni, pita mbali. Kuhusu historia, mheshimu Chinggis Khan hata kama ulifundishwa shuleni kwamba alikuwa mchinjaji tu. Miaka ya 1937 hadi 1939 utawala wa kikomunisti wa wakati huo uliua maelfu ya watawa na kubomoa mamia ya mahekalu, basi mwenyeji akinyamaza unapomuuliza habari za babu yake, usimdadisi.

Usiokote mfupa wowote katika jangwa la Gobi. Pale Bayanzag, ambapo mayai ya dinosauri yalifukuliwa mwaka 1923, visukuku ni mali ya taifa, na kiunzi kimoja kilichopigwa mnada New York mwaka 2012 kilirudishwa Mongolia mwaka uliofuata. Vitu vya kale vya dukani navyo vinahitaji hati ya kuvitoa nchini. Unapovuka barabara, kumbuka kwamba magari hupita upande wa kulia, ingawa mengi yametoka Japani na usukani wake uko kulia kama wa kwetu, hivyo dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele. Usivuke mto ambao dereva mwenyewe hajashuka kuutazama, usilale kando ya maji, usiondoke kambini bila kumwambia mtu unaelekea wapi, na ukiambiwa kwamba mahali fulani ni karibu, usiulize ni kilomita ngapi. Uliza ni saa ngapi, kisha uongeze mbili.