Filamu ya mapenzi na majini Lamu: namna ya kuiandaa bila kumfanya mtu pambo

Hadithi za majini wanaopenda binadamu tumekua nazo, tukisimuliwa darini usiku. Ugumu huja tunapozigeuza filamu za kuchekesha: ni nani tunampa nafasi ya kupendwa? Hizi ndizo hatua ninazofuata mimi, mwandishi na mwongozaji wa filamu fupi hapa kisiwani.

Hatua ya 1: Gawa ukurasa safu tatu

Jina la mhusika, anachotaka, anayempenda. Usiandike mazungumzo kabla safu zote hazijajaa.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na jini wa kisimani aliyempenda fundi wa mashua wa Matondoni. Pembeni nilimweka Kadzo, mpishi wa Kigiriama kutoka upande wa Malindi, na kazi yake yote ilikuwa kusema kwa lafudhi ili watu wacheke. Tulipokaa kusoma, binti aliyechukua nafasi hiyo alikunja karatasi zake akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu Kadzo hana hata mtu mmoja anayempenda?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeiga tulichozoea kuona: Mgiriama jikoni, Mbajuni mshamba wa mjini, Morma mlinzi wa geti.

Niliandika upya. Sasa Kadzo anataka hoteli yake mwenyewe, na ndiye wa kwanza kumjua jini, kwa sababu jini huja alfajiri kumwibia mahamri. Nahodha anayemletea unga anampenda, ila akimwona ulimi unakuwa mzito, basi maneno anayafanyia mazoezi mbele ya punda. Kicheko kimehama, na kimekuwa kikubwa kuliko cha mwanzo.

Hatua ya 2: Muache mtu aseme kwao

Kiamu, Kipate, Kisiu, Kitikuu cha Wabajuni: vyote ni Kiswahili, na masikio ya huku huvitofautisha mara moja. Usijaribu kubuni lahaja ya mwenzako. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, soma pamoja na mwigizaji, kisha andika alivyosema yeye. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza kutoka dakani, kibaraza cha mlangoni, alitusahihisha tuliposema njia: "Mwanangu, huku twasema ndia." Tukaandika ndia. Mzaha unaochekesha kwa sababu ya lafudhi peke yake, ufute.

Hatua ya 3: Chagua nyuso

Jini mzuri huchorwa mweupe mwenye nywele ndefu. Wetu alikuwa binti mweusi wa Pate, na hakuna mtazamaji aliyeuliza kwa nini fundi alipagawa. Mwenye ualbino usimpe nafasi ya mzuka. Mpe ya mchumba au ya mwalimu. Ukimwalika Muaweer, mtu wa jamii ya Waaweer kutoka bara, muulize mwenyewe ajulikane vipi, maana wengi humwita Mboni bila kumuuliza.

Hatua ya 4: Mwanga wa haki

Hapa ndipo wengi huharibu. Unaweza kuchagua watu vizuri, kisha kamera ikawafuta. Lamu iko karibu na ikweta, nyuzi 2 hivi kusini, kwa hiyo adhuhuri jua liko utosini na macho huzama kwenye kivuli. Isitoshe, kuta zetu za chokaa huihadaa kamera: ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso mweusi unapotea.

Sogea mpaka uso ujaze fremu, rekebisha mwanga kwa uso huo, funga mipangilio, ndipo urudi nyuma. Ukuta ukiungua, yaani ukionekana mweupe mtupu, uache uungue. Kwenye kichochoro, msimamishe mwigizaji kivulini akitazama ukuta unaopigwa na jua. Ukuta huo utamrudishia mwanga laini kuliko taa nyingi za kununua. Wakiwa wawili, mweusi zaidi ndiye asimame karibu na ukuta huo. Mafuta ya nazi kidogo mashavuni, na ngozi inang'aa.

Hatua ya 5: Mapenzi ya huku

Huhitaji busu. Nahodha anakuta kikuba cha asmini, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, juu ya gunia la unga. Harufu haionekani, basi piga picha ya mkono ukikipeleka puani, ukishuka, ukipanda tena.

Hatua ya 6: Onyesha kabla hujamaliza

Tundika shuka uani, alika watu wa kila upande, wanawake wapate pa kukaa kwa raha. Wewe usitazame filamu. Keti pembeni uwatazame wao, uandike dakika ya kila kicheko na nani amenyamaza. Wageni wetu wa Kigiriama walinyamaza mara moja, pale jini alipomwiga Kadzo anavyotembea. Nilikikata kipande hicho, nikamwita yule binti, tukapiga upya alfajiri ya mahamri, kamera ikiwa upande wake wa meko.