Jinsi ya kupima mwiko wa wavuvi kabla hujauamini

Ukikaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, utaambiwa bundi akilia jioni chombo kitarudi kitupu, dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi, na anayefagia usiku anafukuza riziki. Maneno haya matatu hayalingani uzito, na daftari la kawaida linatosha kuyatenganisha.

Anza kwa kuugeuza mwiko uwe sentensi inayoweza kushindwa. "Bundi ni mkosi" haipimiki. "Bundi akilia kabla hatujasukuma mtumbwi, tutapata chini ya ndoo tano" inapimika. Idadi ya ndoo ikubaliwe leo, isibadilishwe baada ya kuona mavuno.

Chora safu sita: tarehe, bundi (ndiyo au hapana), giza au mbalamwezi, upepo, saa mlizokaa ziwani, ndoo. Safu ya bundi ijazwe kabla ya kuondoka. Wengi huharibu hapa: wakirudi mikono mitupu ndipo wanamkumbuka bundi, akilia na ndoo zikajaa, hakuna anayemtaja. Usiku usio na bundi nao uandikwe. Usiku ambao hamkutoka, andika "hatukutoka" na usiuhesabu kuwa mbaya.

Endelea mizunguko miwili ya mwezi, yaani siku 59, kisha linganisha pande zote mbili. Tuseme bundi alilia usiku 10, minne ikawa mibaya. Hakulia usiku 30, kumi na miwili ikawa mibaya. Pande zote ni asilimia 40. Bundi hana kosa, alikuwa anawinda panya.

Sasa tazama safu ya mwezi. Dagaa hukusanyika kwenye taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mbalamwezi ikimwagika juu ya maji, mwanga wa taa unafifia na samaki wanabaki wametawanyika. Huu ni ujuzi wa wazee uliovaa nguo ya mwiko, ushikeni. Ndiyo maana usiku wa giza ulinganishwe na wa giza tu, la sivyo bundi atabebeshwa lawama ya mwezi.

Safu ya saa nayo ina kazi yake. Mvuvi anayeamini mkosi huzima taa mapema na kurudi saa saba usiku badala ya alfajiri. Ndoo zimepungua kweli, ila zimepunguzwa na hofu.

Kufagia usiku ni jambo dogo: kwenye mwanga wa koroboi, sarafu au hereni hutoka na taka. Penye umeme, fagia.

Lakini kuna imani ambazo hazipimwi hata siku moja, kwa kuwa zimeua watu. Nywele za mwenye ualbino zikisukwa kwenye wavu hazivuti samaki. Ualbino ni urithi wa vinasaba kutoka kwa baba na mama, basi. Na bibi mwenye macho mekundu si mchawi. Usukumani ajuza wengi wameuawa kwa ajili ya macho hayo, nayo yameunguzwa na moshi wa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa miaka mingi ya kupika. Ingia jikoni kwake moto ukiwaka, kaa chini karibu na mafiga muda wa kuivisha ugali, kisha jitazame kwenye kioo. Ukitoka hapo, mtobolee dirisha upande unaoelekeana na mlango, juu karibu na paa, moshi upate njia.