SOMO: Kupima ubora wa maisha ya mgonjwa kwenye utafiti (soma kabla ya kuniuliza)

Wiki hii pekee watu wanne wameniuliza, "Hojaji gani nzuri ya ubora wa maisha?" Nimejibu mara ya mwisho nikiwa nimesimama ndani ya matatu ya Rongai, mkono mmoja juu kwenye chuma. Jibu naliweka hapa. Ukiniuliza tena, nitakurudisha hapa hapa.

1. Amua unataka kujua nini. "Ubora wa maisha" si swali. Uchovu? Maumivu? Usingizi? Kurudi kazini? Chagua, kisha uandike kwenye protokali (mpango wa utafiti) utalinganisha siku gani na siku gani. Mwongozo wa SPIRIT-PRO wa 2018, wa protokali za majaribio ya tiba yanayotumia majibu ya wagonjwa wenyewe, unataja yanayopaswa kuwemo.

2. Chagua hojaji iliyokwisha kupimwa, usitunge yako. Saratani: QLQ-C30, maswali 30. Ukihitaji kulinganisha gharama za matibabu na faida yake: EQ-5D-5L, yaani kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni, pamoja na kipimo cha 0 hadi 100 ambacho mgonjwa anatia alama mwenyewe. Picha pana ya maisha: WHOQOL-BREF, maswali 26.

3. Omba ruhusa na toleo la Kiswahili kwa wenye hojaji. QLQ-C30 ni bure kwa watafiti wa vyuo, lakini lazima uombe.

4. Kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya). Mnajua.

5. Lugha. Hapa ndipo nilipoungua.

Tulikuwa na haraka, nikakaa jioni moja nikatafsiri mwenyewe. Kiswahili nimezaliwa nacho, kitanishinda vipi? Nikaandika, "Katika wiki iliyopita, ulitapika?" Wagonjwa wetu walipata kemo Jumatatu, nasi tukawauliza Ijumaa. Mama mmoja, midomo imemkauka, ndoo ndogo ya buluu mapajani, akajibu, "Hapana kabisa." Msaidizi akamtazama, akaitazama ndoo, akazungushia 1, yaani hapana kabisa. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza mama vipi. "Si mmesema wiki iliyopita? Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, hata chapati nilipika. Hii ndiyo imenimaliza."

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Wiki iliyopita ilikwisha Jumapili. Nilichotaka kilikuwa siku saba zilizopita, kuanzia leo kurudi nyuma. Fomu za miezi miwili zikaenda na maji, maana hatukujua nani alielewa lipi.

Onyo la pili: usigeuze swali kuwa la kukanusha ati ndiyo adabu. "Hujapata shida ya kulala?" Mgonjwa anasema "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, sijapata. Msaidizi mmoja anaandika ana shida, mwenzake anaandika hana. Soma lilivyoandikwa, neno kwa neno.

Kama toleo la Kiswahili halipo, wenye hojaji watakuambia utaratibu wao. Kwa kawaida ni hivi: watafsiri wawili, kila mmoja kivyake, mnapatanisha, mwingine ambaye hajaiona ya awali anairudisha kwa Kiingereza, halafu unakaa na wagonjwa wachache wakueleze, kwa maneno yao, kila swali linawauliza nini. Hilo la mwisho ndilo watu huruka. Lingeniokoa.

6. Uliza kabla hajamwona daktari, mahali pa faragha. Akishaambiwa matokeo ya skani, utapima skani. Na maliza salamu kwanza. "Habari ya leo?" "Nzuri, namshukuru Mungu" ni heshima, si jibu la utafiti. Ukiunganisha salamu na swali la kwanza, atakuwa mzima hadi la mwisho.

7. Alama. Kwenye QLQ-C30 zote huishia 0 hadi 100, lakini alama ya juu ya uwezo wa mwili ni heri, ya juu ya maumivu ni balaa. Usizijumlishe kienyeji. Akijibu angalau nusu ya maswali ya kipimo fulani (yaani kundi la maswali ya jambo moja), tumia wastani wa aliyojibu. Chini ya hapo, acha wazi.

8. Asiyekuja, andika kwa nini. Kila mara.

MASWALI

Mwanafunzi wa Parklands: Asante mkuu. Unaweza kunitumia hojaji na tafsiri yake? Nina haraka kidogo.
— Hatua ya 3.

Mwanafunzi wa Parklands: Nimeona, ila msimamizi anataka Ijumaa.
— Hatua ya 3. Na haraka yangu umeisoma kwenye hatua ya 5.

Nesi wa Mwiki: Mgonjwa hajui kusoma. Binti yake anaweza kumjibia?
— Swali zuri, dada. Binti anaona kutapika, haoni hofu ya saa nane usiku. Msomee mgonjwa mwenyewe, bila kufafanua, na umsomee hivyo kila ziara. Binti umwombe kwa upole asubiri nje. Mama wengi hawasemi maumivu mbele ya watoto. Kama mgonjwa hawezi kabisa kujibu, EQ-5D ina toleo la kujibiwa na mtu wa karibu. Andika nani alijibu, usichanganye na majibu ya wagonjwa.

Daktari Mkavu: Hizi ni hisia tu. Presha inapimwa, hemoglobini inapimwa. Hii si sayansi.
— Maumivu unayapima kwa mashine gani, daktari? FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo mwaka 2009 wa jinsi majibu ya mgonjwa yanavyoweza kuunga mkono dai kwenye lebo ya dawa. Waambie wao.

Takwimu Kidogo: Wastani wetu umepanda mwezi wa sita tangu tuanze, lakini manesi wanasema wodi ni mbaya kuliko mwanzo. Nimekosea hesabu?
— Huenda hesabu ni sawa, waliobaki ndio tofauti. Waliozidiwa na waliofariki hawajazi fomu. Chukua alama za mwanzo za wale waliofika mwezi wa sita, uzilinganishe na za wasiofika. Ukikuta wa kwanza walianza wakiwa wazima zaidi, umepata jibu. Ndiyo maana ya hatua ya 8. Ukikwama, nitumie mchoro tu, bila majina ya wagonjwa, tuutazame pamoja.

Takwimu Kidogo: Na tofauti ya alama ngapi ndiyo ya kushtua?
— Kwa QLQ-C30 wengi hutumia kazi ya Osoba na wenzake ya 1998: 5 hadi 10 mabadiliko madogo, 10 hadi 20 ya kati, zaidi ya 20 makubwa. Lakini uliandika kiwango chako kabla ya kuanza, sivyo?

Takwimu Kidogo: ...Nitarudi.

Nesi wa Mwiki: Nyongeza: wengi husema "sisomi" kumbe wamesahau miwani. Mimi nina jozi tatu za kusomea kwenye droo, nilinunua River Road.
— Hii naichukua. Nguvu gani?

Nesi wa Mwiki: Mbili na nusu huwafaa wengi. Zifungeni kamba, zinatembea.